Kutoka Marduk hadi Jupiter: Namna Sayari Zilivyopewa Majina ya Miungu ya Kale

Maelezo yanayotolewa kwa kawaida kuhusu majina ya sayari ni mafupi. Inasemwa kwamba Warumi waliiona nyota nyekundu wakaipa jina la Mars, mungu wao wa vita; wakaiona nyingine inang'aa kwa uzuri usio na mfano wakaiita Venus, mungu wa kike wa mapenzi; na ile iliyo kubwa kuliko zote wakaiita Jupiter, mfalme wa miungu. Maelezo haya yana ukweli ndani yake, lakini hayajibu maswali mawili ya msingi. Mpangilio huo haukubuniwa na Warumi, kwa kuwa wao waliupokea kutoka kwa Wagiriki, na Wagiriki nao walikuwa wameupokea kutoka Mesopotamia. Zaidi ya hapo, hakuna mtu wa zama hizo aliyeweza kujua kwamba Mshtarii, yaani Jupiter, ndiyo sayari kubwa kuliko nyingine. Kwa macho matupu kila sayari ni nukta ya mwanga tu, na nukta inayong'aa zaidi ni Zuhura, yaani Venus. Kama ufalme wa mbinguni ungegawiwa kwa kuangalia mng'ao peke yake, Zuhura ndiyo ingestahili taji.

Ili kuelewa jinsi mambo yalivyokwenda, inafaa kukumbuka kile ambacho watu wa kale walikiona. Nyota nyingi hazibadilishi nafasi zao zikilinganishwa na nyota jirani. Hupita angani zote pamoja, usiku hadi usiku, zikiwa katika mafungu yaleyale. Hata hivyo, nyota tano zinazoonekana bila darubini hazifuati utaratibu huo, kwa sababu husogea kutoka fungu moja la nyota hadi jingine, hupunguza mwendo, husimama, hurudi nyuma kwa muda na kisha huendelea na safari. Wagiriki waliziita kwa neno lenye maana ya watangatangaji, ambalo ndilo lililozaa jina la sayari katika lugha nyingi za Ulaya. Jua na Mwezi viliwekwa katika kundi hilohilo, hivyo watangatangaji wakawa saba. Dunia haikuhesabiwa, maana ilidhaniwa kuwa imetulia katikati ya vyote. Mwanafalaki Copernicus alipochapisha mwaka 1543 hoja kwamba nayo inalizunguka Jua, kila lugha ilikuwa na neno lake la zamani la ardhi iliyo chini ya miguu ya watu, na hakuna aliyeona haja ya kuitafutia mungu wa kale.

Watu wa kwanza tunaofahamu kwamba walizifuatilia sayari kwa maandishi na kwa miaka mingi mfululizo ni Wababeli. Bamba moja la udongo lenye maandishi ya kikabari, ambalo leo limehifadhiwa London katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, linataja siku ambazo Zuhura ilionekana na siku ilizotoweka kwa kipindi cha miaka 21. Bamba lenyewe ni nakala ya karne ya 7 KK iliyopatikana Ninawi, lakini kumbukumbu zilizomo zinahusishwa na utawala wa Ammisaduqa, mfalme wa Babeli wa karne ya 17 KK au karibu na hapo. Kazi hiyo haikufanywa kwa udadisi mtupu. Makuhani na waandishi wa ikulu waliamini kwamba miungu huwasiliana na wafalme kupitia anga, hivyo kujua sayari ipi imechomoza na upande gani kulikuwa sehemu ya uendeshaji wa dola. Kila sayari ilikuwa na jina lake la kawaida, na pia ilikuwa na mungu aliyeimiliki: Zuhura ilikuwa ya Ishtar, mungu wa kike wa mapenzi na vita, Mirihi (Mars) ya Nergal, mungu wa vita, tauni na kuzimu, Utaridi (Mercury) ya Nabu, mwandishi wa miungu, Zohali (Saturn) ya Ninurta, aliyehusishwa na vita pamoja na kilimo, na Mshtarii ya Marduk.

Sababu ya Marduk kupewa Mshtarii ndiyo kiini cha suala lote. Kwa maoni yangu ina pande mbili ambazo haifai kuzitenganisha. Upande wa kwanza ni wa anga yenyewe. Zuhura, pamoja na mng'ao wake, haiachani na Jua. Umbali wake kutoka kwenye Jua angani hauzidi nyuzi 47 au 48, na kwa hiyo huonekana baada ya machweo au kabla ya mapambazuko, lakini katika nchi za Mashariki ya Kati haipatikani kamwe katikati ya usiku. Mshtarii ina uwezo wa kutawala usiku mzima, kuanzia machweo hadi alfajiri, na mwanga wake ni mweupe, mtulivu, usioyumba sana mwaka hadi mwaka. Huchukua karibu miaka 12 kuzunguka anga, hivyo hukaa takriban mwaka mmoja katika kila kimoja cha vituo 12 vya nyota, mfano wa mtawala anayezuru majimbo yake kwa zamu. Upande wa pili ni wa kisiasa. Marduk hapo mwanzo alikuwa mungu wa mji wa Babeli tu. Mji huo ulipoinuka na kuwa makao ya dola kubwa, mungu wake alipanda cheo pamoja nao hadi akawekwa juu ya miungu wengine wote. Sayari iliyofaa kuwa ya mfalme ilikwenda kwa mungu ambaye mji wake ulikuwa umeshinda.

Wagiriki wa zama za Homer hawakuwa na mpangilio wa namna hiyo. Katika tenzi zake nyota ya asubuhi na nyota ya jioni zina majina mawili tofauti, Heosphoros na Hesperos, na hakuna dalili kwamba msimulizi alijua ni Zuhura ileile moja. Baadaye Wagiriki walitumia pia majina ya sifa yasiyo na mungu ndani yake: Zohali iliitwa Phainon, yaani yenye kuonekana, Mshtarii ikaitwa Phaethon, yenye kung'aa, Mirihi ikawa Pyroeis, ya moto, Zuhura ikaitwa Phosphoros, mleta nuru, na Utaridi ikaitwa Stilbon, yenye kumetameta. Ni majina mazuri na, kwa kadiri ya macho ya mtazamaji, ni sahihi kuliko yale tuliyorithi.

Majina ya miungu yanajitokeza kwa ukamilifu katika maandishi ya Kigiriki ya karne ya 4 KK. Mazungumzo ya kifalsafa yaitwayo Epinomis, ambayo wengine huyahesabu kuwa ya Plato na wengine huyahesabu kuwa ya mwanafunzi wake Philippos wa Opous, yanazitaja sayari tano pamoja na miungu yake na kukiri waziwazi kwamba elimu hiyo ilitoka ugenini, katika nchi za Misri na Syria, ambako anga huwa safi na watu walikuwa wameitazama kwa muda mrefu. Kukiri huko kuna uzito, kwa maana Wagiriki hawakuwa wepesi wa kuwapa wageni sifa ya ubunifu. Walichokifanya ni kutafuta, kwa kila mungu wa Kibabeli, mungu wao aliyefanana naye. Nabu, bwana wa maandishi, akawa Hermes, mjumbe wa miungu na bwana wa maneno. Ishtar akawa Aphrodite, ingawa upande wake wa vita uliachwa njiani. Nergal akawa Ares. Marduk akawa Zeus. Na Ninurta akawa Kronos, baba wa Zeus.

Ulinganishaji huo haukukaa sawasawa mahali pote. Hermes na Utaridi wanaafikiana vizuri, kwa kuwa sayari hiyo hulizunguka Jua kwa siku 88 tu na huonekana kwa muda mfupi kabla ya kupotea tena, kama mjumbe asiyetulia mahali pamoja. Ares na Mirihi wanaafikiana kwa rangi, ambayo leo tunajua inatokana na kutu ya chuma iliyo katika vumbi la uso wake. Lakini Ninurta alikuwa shujaa kijana, mwana wa mungu Enlil, ilhali Kronos ni mzee aliyepinduliwa na mwanawe. Kinachowakutanisha ni kilimo, na huenda pia mwendo wa Zohali, ambayo huchukua zaidi ya miaka 29 kukamilisha mzunguko mmoja na hivyo kuonekana kuwa ndiyo iliyochoka kuliko zote. Hata Wagiriki wenyewe hawakuwa na kauli moja. Risala kuhusu ulimwengu iliyohusishwa na Aristotle, ambayo wasomi wa leo wanaamini iliandikwa na mtu mwingine, inasema kwamba nyota ya Hermes wengine waliiita ya Apollo, ile ya Ares wengine waliiita ya Herakles, na ile ya Aphrodite wengine waliiita ya Hera. Kama mapokeo hayo mengine yangeshinda, leo tungekuwa na sayari iitwayo Juno mahali pa Venus, maana Juno ndiye Hera wa Warumi.

Ifahamike pia kwamba kwa muda mrefu Wagiriki hawakusema "Zeus" walipoitaja sayari. Walisema "nyota ya Zeus", yaani nyota inayomilikiwa na Zeus, na ndivyo alivyoandika hata mwanafalaki Ptolemy wa Aleksandria katika karne ya 2 baada ya Kristo. Sayari na mungu vilikuwa vitu viwili. Matumizi ya kila siku ndiyo yaliyolifupisha jina mpaka mmiliki na mali yake vikawa kitu kimoja.

Warumi, walipochukua elimu ya Wagiriki, walifanya tena kazi ileile ya kulinganisha. Hermes akawa Mercurius, Aphrodite akawa Venus, Ares akawa Mars, Zeus akawa Iuppiter na Kronos akawa Saturnus, mungu wa kilimo wa Italia ambaye sikukuu yake iliadhimishwa mwezi Desemba. Mwandishi wa Kirumi Cicero, akiandika katika karne ya 1 KK, bado aliona haja ya kuwatajia wasomaji wake majina ya Kigiriki ya sifa pamoja na yale ya Kilatini, jambo linaloonyesha kwamba mfumo huo ulikuwa bado unazoeleka. Kilatini kilipokuwa lugha ya kanisa na ya elimu katika Ulaya ya magharibi, majina hayo yalidumu hata baada ya dini iliyoyazaa kufa. Yaliingia pia katika siku za juma: msomaji wa Lubumbashi au Bujumbura anayesema mardi, mercredi, jeudi na vendredi kwa Kifaransa huwataja Mars, Mercurius, Iuppiter na Venus kwa mfuatano bila ya kuwafikiria. Juma la Kiswahili, ambalo siku zake nyingi huhesabiwa kuanzia Jumamosi, halina miungu hiyo.

Vilevile majina ya Kiswahili ya sayari zenyewe yalikuja kwa njia nyingine. Kitabu cha Ptolemy kilitafsiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad katika karne ya 9, na wanafalaki wa Kiislamu wakakisoma, wakakisahihisha na kukipanua, lakini hawakuwachukua Zeus na Kronos waliokuwa ndani yake. Waliendelea kutumia majina ya Kiarabu: Utarid, Zuhara, Mirrikh, Mushtari na Zuhal. Zuhara linatokana na mzizi wenye maana ya kung'aa, na Zuhal huhusishwa na mzizi wenye maana ya kujitenga au kuwa mbali, kwa hiyo yanakaribiana zaidi na yale majina ya sifa ya Wagiriki kuliko na miungu ya Warumi. Hayo ndiyo yaliyofika pwani yetu na kuwa Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali, na Zuhura imebaki pia na jina la Ng'andu. Tatizo lipo kwenye Zebaki, ambalo vitabu vingi vya shule hulitumia kwa sayari ya kwanza. Neno hilo ni jina la madini ya majimaji, na yaelekea lilihamishiwa kwenye sayari kwa sababu katika lugha za Ulaya madini hayo na sayari hiyo vina jina moja. Binafsi naona Utaridi ndilo jina linalostahili kurudishwa.

Kwa karne nyingi orodha ya sayari haikuongezeka, na kwa hiyo hakuna aliyejiuliza kanuni ya kuzipa majina ni ipi. Swali hilo lilizuka ghafla usiku wa tarehe 13 Machi 1781, wakati William Herschel, mwanamuziki mzaliwa wa Hannover aliyekuwa akiishi Bath nchini Uingereza, alipoona kupitia darubini aliyoitengeneza mwenyewe kitu alichodhani ni nyotamkia. Mahesabu ya wenzake yalithibitisha kwamba ni sayari iliyo mbali kupita Zohali. Herschel alipendekeza iitwe Georgium Sidus, yaani Nyota ya George, kwa heshima ya Mfalme George wa Tatu, ambaye alimpa posho ya pauni 200 kwa mwaka. Hoja yake ilikuwa kwamba zama za kutumia miungu na mashujaa wa kale zilikuwa zimepita, na kwamba mtu wa baadaye akiuliza sayari hiyo iligunduliwa lini, jina lenyewe lingemjibu kuwa ni katika utawala wa mfalme huyo. Alikuwa na mfano wa kuufuata: mwaka 1610 Galileo aliita miezi minne ya Mshtarii aliyoigundua kwa jina la ukoo wa Medici uliotawala Firenze, ambako baada ya hapo alipata kazi. Jina hilo halikudumu. Miezi hiyo leo inaitwa Io, Europa, Ganymede na Callisto, majina yaliyochapishwa na Simon Marius mwaka 1614, na wote wanne ni watu ambao kisasili kinasema waliwahi kupendwa na Zeus.

Nyota ya George nayo haikuvuka bahari kwa urahisi. Wafaransa, ambao wakati ule walikuwa vitani na Uingereza, hawakuwa tayari kumwimbia sifa George kila walipotazama angani, na mwanafalaki wao Lalande alipendekeza sayari iitwe Herschel. Suluhisho lilitoka Berlin, kwa Johann Bode, aliyejenga hoja juu ya nasaba. Kwa kuwa Mars ni mwana wa Jupiter, na Jupiter ni mwana wa Saturnus, sayari inayofuata nje ya Zohali ingefaa kupewa baba wa Saturnus, ambaye kwa Wagiriki ni Ouranos, mungu wa mbingu. Kwa usahihi wa Kilatini angepaswa kusema Caelus, kwa hiyo Uranus ni Mgiriki pekee aliyevaa kanzu ya Kilatini kati ya sayari zilizobeba majina ya Kirumi. Mwaka 1789 mwanakemia Martin Klaproth aliita elementi mpya aliyoigundua uranium ili kuliunga mkono jina hilo, lakini kalenda rasmi ya mabaharia wa Uingereza iling'ang'ania Georgium Sidus hadi mwaka 1850.

Mvutano ulijirudia mwaka 1846. Urbain Le Verrier wa Paris alikokotoa kutokana na kuyumba kwa mwendo wa Uranus kwamba kuna sayari nyingine inayoivuta, na tarehe 23 Septemba Johann Galle wa Berlin akaiona ikiwa ndani ya nyuzi moja kutoka mahali palipotabiriwa. Galle alipendekeza jina la Janus. Le Verrier alilikataa na kutaja Neptune, mungu wa bahari, kisha akageuka na kutaka sayari iitwe kwa jina lake mwenyewe, akiungwa mkono na Arago, mkuu wa kituo cha uangalizi cha Paris. Waingereza, waliokuwa wakidai kwamba John Couch Adams alifanya mahesabu kama hayo, hawangelikubali. Mwishoni mwa mwaka huohuo Struve, mwanafalaki wa St. Petersburg, alitetea Neptune, na jina hilo likakubaliwa. Rangi ya buluu ya sayari hiyo, ambayo leo hufanya jina la mungu wa bahari lionekane kana kwamba lilipimwa na fundi, haikuwa msingi wa uamuzi.

Hapa ndipo ninapoona sababu halisi ya visasili kushinda. Wasomi wa karne ya 18 na ya 19 hawakumwabudu Neptune wala Uranus. Waliwachagua kwa sababu miungu hiyo haikuwa tena na taifa, jeshi wala waumini, na hivyo hakuna aliyeshindwa pale jina lilipopitishwa. Miungu ya Babeli ilipanda angani kwa nguvu ya dola. Warithi wake wa baadaye walipandishwa kwa sababu hawakuwa na dola yoyote nyuma yao.

Pluto iligunduliwa na Clyde Tombaugh tarehe 18 Februari 1930 katika kituo cha Lowell huko Arizona, na habari zilipotangazwa mwezi uliofuata mapendekezo yalimiminika. Mjane wa mwanzilishi wa kituo, Constance Lowell, alitaja Zeus, kisha jina la marehemu mumewe Percival, na hatimaye jina lake mwenyewe. Jina lililoshinda lilitoka kwa Venetia Burney, msichana wa miaka 11 wa Oxford aliyependa visasili, ambaye alimwambia babu yake wakati wa kifungua kinywa kwamba sayari ya mbali na yenye giza ingefaa kuitwa kwa mungu wa kuzimu. Babu, aliyewahi kuongoza maktaba ya Bodleian, alilipeleka wazo kwa mwanafalaki mmoja, na huyo akapiga simu ya maandishi hadi Arizona. Ilisaidia pia kwamba herufi mbili za mwanzo, P na L, ni za Percival Lowell. Ukoo huo ulikuwa na mkono wa bahati: ndugu wa babu huyo, Henry Madan, ndiye aliyependekeza majina ya Phobos na Deimos, hofu na kitisho, kwa miezi miwili ya Mirihi iliyogunduliwa na Asaph Hall mwaka 1877.

Tarehe 24 Agosti 2006 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, ulipokutana Prague, uliiondoa Pluto katika orodha ya sayari kamili na kuiweka miongoni mwa sayari kibete. Mjadala huo ulichochewa na kugunduliwa kwa gimba jingine linalokaribiana nayo kwa ukubwa, ambalo wiki chache baadaye lilipewa jina la Eris, mungu wa kike wa ugomvi kwa Wagiriki. Umoja huo ndio wenye mamlaka ya kupitisha majina siku hizi, na haujifungi tena kwa Ugiriki na Rumi. Sedna ni mungu wa bahari wa Wainuit. Makemake ni muumba kwa watu wa Rapa Nui, kisiwa ambacho Wazungu walikiita cha Pasaka. Na Haumea ni mungu wa uzazi wa Hawaii. Gimba moja lililogunduliwa mwaka 2007 ng'ambo ya Neptune linaitwa Gǃkúnǁʼhòmdímà, binti mzuri wa mhanga katika masimulizi ya Wajuǀʼhoansi wa Namibia, na mwezi wake unaitwa Gǃòʼé ǃHú, pembe ya choroa.